Safu ya Joto

Masese, jirani na bwawa, tunausikia mto ukisaga usiku kucha
na bado giza hufika kwetu mapema.
Mimi ndiye mwenye daftari la transfoma namba kumi na saba.
Kazi yangu ni kutoa:
kilichoshuka kutoka juu,
ondoa kilichokiriwa na mita za chini.
Mwezi wa tano zilishuka uniti elfu tisa na mia nne,
mita zikakiri elfu sita.
Zilizobaki hazina mwenyewe.

Sehemu yake naijua. Waya kuukuu hula njiani,
kiungo kilicholegea hurusha cheche, hupasha hewa bure.
Hiyo ni hasara ya joto, ina safu yake kushoto,
na hakuna anayeshtakiwa kwa joto.
Safu ya kulia ni ya mikono.

Nilimkuta Balikowa na kinu chake cha posho
kinachosaga usiku tu, kama mchawi,
mita imelala fofofo, sumaku mgongoni.
Akaniandalia chai, bahasha chini ya kisahani.
Bahasha niliiacha. Chai nilikunywa,
sukari ilikuwa nyingi, nakiri.
Kesho yake nilikata.
Nikamkuta kinyozi, nikamkuta mchomeleaji wa mageti,
nikakuta kikanisa cha mabati
spika zikikemea wezi
kwa umeme usiolipiwa.
Na nyuma yao wote, Tenywa, kishoka,
kamyufu, wanavyomwita huku,
mwenye koleo la mpini mwekundu,
apandaye nguzo pekupeku
akashuka na elfu hamsini.
Haulizi unene wa waya.
Haulizi mvua.

Mvua ikaja Jumatatu.
Mbuzi wa jirani alikufa amesimama,
ndipo akaanguka ubavu, majani ya viazi mdomoni.
Mtoto alikuwa akienda kumvuta kamba;
dada yake akamdaka kaptura.
Nilishusha fyuzi, nikachimba.
Waya nyembamba kama kamba ya kiatu,
imezungushiwa kaveera,
ikipita chini ya matuta hadi kwa Nangobi.

Nilikwenda na maneno yangu yote ya sheria.
Akafungua chumba cha ndani.
Sanduku la mbao, balbu nne zilizozimika sasa hivi, beseni la maji,
mayai mia tatu,
kalenda imepigwa misalaba hadi siku ya kumi na nane.
"Alhamisi," akasema.
Hakulia. Hakuomba.
"Mkopo ni wa kikundi. Wamenidhamini wenzangu kumi na mmoja."
Akachukua yai moja, akaniwekea sikioni.
Lilikuwa bado na vuguvugu.
Sikusikia kitu. Au nilisikia damu yangu.

Sitasema nilifanya vema.
Niliifukua ile waya yote, nikaikatakata.
Nikaleta ya kwangu, nene, ya kazini,
nikaipitisha juu, mkaratusi hadi mkaratusi,
mbali na mbuzi, mbali na kaptura za watoto,
nikarudisha fyuzi.
Siku tatu nilikuwa kishoka
mwenye kitambulisho shingoni.

Ijumaa alfajiri nilikata. Nangobi ndiye aliyenishikia ngazi.
Vifaranga mia mbili arobaini na mmoja
walikuwa wamehamia pembeni mwa jiko la makaa;
aliwahesabu mara mbili, kama mimi na uniti zangu.
Fomu ya mita aliijaza kwa kalamu yangu,
mkono ukinuka pumba.
Mbuzi hana safu. Nusu nililipa mimi,
nusu atalipa yeye, kuku wakikua.

Lakini daftari linataka kila uniti iwe na kwao.
Kumi na mbili nilizishikilia muda mrefu
kwenye ncha ya kalamu,
nje Balikowa akipita na baiskeli, hanisalimu tena.
Kisha nikaziandika kushoto.

Mkaguzi akija, na aulize.
Zilikwenda wapi?
Zilikwenda joto, bwana.
Joto tupu.